Moja kwa Mia na Arobaini

Majibu ya kipimo yalimfikia mume kabla ya mke, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Mwalimu Brigita alikuwa na miaka thelathini na minane, na mimba ya wiki kumi na tatu, ya kwanza. Alifundisha hisabati shule ya msingi kule Rhotia, na simu yake ilikuwa ya kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo alipokwenda Arusha kupigwa picha ya mtoto na kutolewa damu, na daktari akauliza majibu ayatume kwa namba gani, Brigita alitaja namba ya mumewe.

Mumewe, Kasaine, alikuwa dereva wa watalii. Alizaliwa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro, kwa Wamaasai wafugaji, na Kiingereza chake alikiokota kwa wageni kidogo kidogo, kiti cha nyuma kikimfundisha cha mbele. Siku hiyo alikuwa amesimamisha gari ukingoni mwa kreta, pale watu wanaposhuka kutazama bonde, na wageni wake wawili wazee walikuwa wakipiga picha ukungu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kupiga. Simu ikatetema. Kurasa mbili za Kiingereza kigumu. Kasaine alipitisha macho juu mpaka chini, akaelewa neno moja tu, lililoandikwa kwa herufi kubwa na wino mzito: POSITIVE.

Sasa, kwa Kasaine neno hilo halikuwa na ubaya hata kidogo. Wageni walilitumia kila siku. Chui asipoonekana, walisema tuwe positive. Gari likinasa kwenye tope, positive. Miaka tisa alikuwa amelisikia hivyo, likimaanisha moyo mkunjufu na mambo mazuri yanakuja. Akampigia mkewe papo hapo.

Ilikuwa saa nne, walimu wako ofisini wanakunywa chai. Kitochi cha Brigita kiliwahi kudumbukia kwenye ndoo ya maji, na tangu siku hiyo hakikukubali kuongea kwa siri; ama sauti ya kujaza chumba, ama kimya.

"Mwalimu!" Ndivyo alivyozoea kumwita mkewe. "Majibu yametoka! Ni positive! Tena wameandika kwa herufi kubwa! Mungu mkubwa!"

Vikombe vyote vya chai vilisimama hewani.

"Positive ya nini?" Brigita aliuliza.

"Ya kila kitu! Kurasa mbili nzima!" Mtandao ukakatika.

Mwalimu Inosenti, wa Sayansi, ambaye kila muhula hufundisha somo la UKIMWI kwa michoro, alitua kikombe chake mezani taratibu.

"Mwalimu Brigita," akasema, "siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi mpaka wanazeeka. Na mtoto anazaliwa salama kabisa."

"Sikupima hicho, Inosenti."

"Wote husema hivyo mwanzoni," akajibu kwa huruma kubwa, akamsogezea maandazi mawili.

Habari ile haikusubiri kengele ya saa nane. Ilipita dirishani, ikashuka mpaka mashine ya kusaga, ikapanda bodaboda. Brigita alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Mama Evarista, ameketi kwenye kizingiti na jagi la maziwa, rozari imezungushwa mkononi. Mama Evarista alikuwa mjane wa Kiiraqw wa miaka sabini kasoro, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na hakuwahi kulia mbele za watu. Leo macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, mimi sitakutenga," alianza. "Kikombe utakachonywea wewe, na mimi nitakinywea."

"Mama, sina UKIMWI. Tulipima kliniki ya kwanza, mimi na Kasaine. Hatuna."

Mama Evarista alifuta macho kwa ncha ya kanga. Huzuni ikaondoka, ikaja hasira.

"Basi huyo mumeo anashangilia nini?"

Kasaine aliingia saa kumi na moja, amebeba parachichi nane na tabasamu. Alipoona nyuso zile mbili, tabasamu likapungua nusu. Akatoa simu. Wakakaa watatu kwenye kochi moja, Brigita katikati, wakaanza kusoma.

Brigita alisoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha akaisogeza simu karibu na macho. Chini ya lile neno kubwa kulikuwa na maneno mengine: Trisomy 21. Na pembeni yake: 1:140.

"Hii naijua," Kasaine alisema, akiweka kidole kwenye namba. "Ni kama kwenye ramani. Sentimita moja ya karatasi ni sentimita mia na arobaini za ardhi. Wametupimia mtoto. Wamemchora mdogo, halisi ni mkubwa."

"Acha upuuzi," alisema Mama Evarista, na tayari alikuwa ameshatoa Biblia kwenye mkoba. "Sura ya kwanza, mstari wa mia na arobaini. Daktari wa watu ametupa neno. Ila hakuandika kitabu." Akalamba kidole, akafunua Luka, maana pale ndipo Elizabeti anapopata mimba uzeeni. "Luka ya kwanza inaishia themanini." Akafunua Mwanzo, kisha Zaburi. Baada ya dakika kumi alivua miwani. "Hakuna kitabu chenye sura ya kwanza ndefu hivyo. Huyu daktari ni dhehebu gani?"

Brigita angecheka siku nyingine. Yeye alijua ile namba ni nini. Ndiyo kazi yake. Ni uwiano. Moja kwa mia na arobaini. Alichukua simu ya mumewe, akaandika yale maneno mengine kwenye mtandao, akasoma kwa nusu saa bila kupepesa. Kila ukurasa ulimpa kitu kipya cha kuogopa: moyo, kusikia, kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema. Akamrudishia Kasaine simu, kioo kikiwa kimeelekea chini.

"Kuna nini?" Kasaine aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Wanasema huenda mtoto ana hali fulani. Huenda."

"Huenda kiasi gani?"

"Moja kwa mia na arobaini."

Kasaine alifikiri. "Hiyo ni ndogo."

"Najua ni ndogo!" Brigita akapaza sauti, akajishangaa mwenyewe. "Ningekuwa ubaoni ningewaambia watoto ni chini ya asilimia moja, na kengele ingelia, tungeenda kucheza. Lakini huyu yuko tumboni kwangu, Kasaine. Wale mia na thelathini na tisa wote wameniondokea. Namwona yule mmoja tu."

Daktari wa Arusha alikuwa ameandika chini kwamba waende kwake baada ya siku kumi wazungumze. Siku kumi zilikuwa nyingi mno. Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, wakapanda gari kwenda Karatu mjini kwa Sista Dorkasi, mkunga aliyekuwa akimhudumia Brigita kliniki. Mama Evarista hakualikwa, ila walipofungua mlango wa gari walimkuta tayari ndani, amefunga mkanda.

Sista Dorkasi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya muuza mitumba siku ya mnada. Aliisoma ripoti yote akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Hii mmeisoma watu wangapi kabla yangu?"

"Watatu," alisema Kasaine.

"Mkaelewa mambo mangapi?"

"Matatu."

"Vizuri. Mama," akamgeukia Evarista, "mahindi yako kabla hujayapeleka mashine, unayapitisha wapi?"

"Kwenye chekeche."

"Chekeche linakuambia jiwe ni lipi?"

"Linakuambiaje? Halina macho. Vidogo vinapita, vikubwa vinabaki juu, halafu mimi ndiye naangalia."

"Vinavyobaki juu vyote ni mawe?"

"Hata! Vingi ni mahindi manene tu."

"Basi somo mmelimaliza." Sista Dorkasi alipiga meza. "Kuna kipimo cha kuchekecha na kuna kipimo cha kuthibitisha. Hiki mlichofanya ni cha kuchekecha. Wamepima maji yaliyoko nyuma ya shingo ya mtoto, wamepima damu ya mama, wakachanganya na umri wake, wakapiga hesabu. Positive ya hapa maana yake mtoto wenu amebaki juu ya chekeche. Hakuna mtu aliyesema ni jiwe."

Mama Evarista alikunja uso. "Kwa hiyo mjukuu wangu akiwa na hiyo hali, ni jiwe?"

Sista Dorkasi aliiweka ripoti mezani. Halafu akainamisha kichwa.

"Hapana, mama. Umenikamata. Mfano wangu ulitakiwa uishie hapo juu."

Akavuta kiti karibu na Brigita, akaanza upya bila mahindi. Wanawake mia na arobaini wenye majibu kama yake wakijifungua, alisema, mmoja wao atapata mtoto mwenye hali ya Down. Wengine mia na thelathini na tisa, watoto wao hawatakuwa nayo. Waliopanga kipimo waliweka mpaka mahali: kuanzia uwezekano fulani wanaandika positive na kukuita. "Ungepata moja kwa mia nne, wangeandika negative, na bado kungekuwa na mwanamke mmoja kati ya hao mia nne. Hili neno si hukumu. Ni mlango: huku wanaoitwa tena, kule wasioitwa."

"Na hiyo ishirini na moja?" Kasaine aliuliza. "Ni tarehe?"

"Si tarehe. Ndani ya mwili wetu kuna nyuzi ndogo sana zinazobeba maelekezo, mmoja wa baba na mmoja wa mama, jozi ishirini na tatu. Kuna watu wanazaliwa jozi ya ishirini na moja ina nyuzi tatu badala ya mbili. Hakuna aliyekosea. Si laana, si chakula, si kwa sababu mama alimcheka mtu." Akavuta kitabu cha picha kutoka kwenye kabati. "Watu wenyewe ni hawa."

Kasaine alikichukua kitabu. Kulikuwa na msichana amevaa sare ya shule, macho yameinuka pembeni, pua fupi, anacheka ulimi ukionekana kidogo. Kasaine aliitazama picha kwa muda mrefu mpaka Sista Dorkasi akamuuliza kama anaumwa.

"Huyu ni Witness," alisema.

"Witness ni nani?"

"Dada yangu. Kule nyumbani."

"Wa damu?"

"Hapana. Mama yake alikuwa rafiki wa mama yangu, alifariki akijifungua. Mama akamchukua. Sasa ana miaka ishirini na mbili." Alikuwa bado anaitazama picha. "Sisi tulijua ni Witness tu. Hatukujua ina jina."

"Kama si damu yako, haiingii kwenye hesabu ya mtoto wenu," alisema Sista Dorkasi. "Lakini mna mtu wa kumuuliza maswali kuliko mimi."

"Ni yule aliyecheza harusini kwenu mpaka akamwangusha katekista?" Mama Evarista aliuliza. "Yule nilimpenda."

Sista Dorkasi aliwaeleza njia zilizobaki. Kulikuwa na sindano ya kuchota maji kwenye mji wa mimba, ambayo ingetoa jibu la ndiyo au hapana, lakini haikufanyika Karatu, na mara chache huharibu mimba. Kulikuwa na kipimo kingine cha damu, chekeche linalochagua vizuri zaidi, ila damu husafirishwa mbali. Kulikuwa na picha ya wiki ya ishirini, ya kuangalia moyo na viungo. Na kulikuwa na kusubiri.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Brigita aliuliza.

"Tumbo si langu, Mwalimu. Ningekuambia uamuzi wangu, ungeubeba wewe."

Jumapili Kasaine hakuwa na wageni. Baada ya misa ya kwanza alimchukua mkewe wakapanda Ngorongoro, wakazunguka ukingo wa kreta mpaka Nainokanoka, ambako hata jua la saa saba hukuta watu wamejifunika shuka mbili. Brigita alikuwa amefika pale mara nyingi. Leo alikuwa anakwenda kumwangalia mtu aliyemjua siku zote, na aliona aibu kwa ajili ya kule kumwangalia.

Mama mkwe wake, Soila, alikuwa mrefu na mkavu, na alikuwa na ng'ombe wengi. Brigita aliinamisha kichwa akaguswa utosini.

"Takwenya, Pakiteng," Soila alimsalimu, kwa jina wanaloitana waliowahi kupeana ng'ombe.

"Iko, mama."

Witness alitokea kwenye zizi la ndama, shanga shingoni mpaka kidevuni, fimbo mkononi. Alimpita Kasaine bila kumsalimia, kwa sababu kaka huyo alimwahidi miwani ya jua tangu mwaka jana na hajaileta. Alikwenda moja kwa moja kwa Brigita, akaweka kiganja tumboni.

"Ana meno?"

"Bado. Akizaliwa pia hatakuwa nayo."

"Basi hawezi kula nyama," Witness aliamua. "Yake nitakula mimi." Akarudi kwa ndama zake, mambo yamekwisha.

Brigita alimfuata kwa macho. Witness alifungua mlango wa zizi, akaita jina, na ndama mmoja tu, mwekundu mwenye baka, akatoka. Mwingine alijaribu kupenya akapigwa fimbo ya pua. Mke wa jirani alipokuja kuomba maziwa, Witness alimkaripia kwa kuacha lango wazi juzi. Hakuweza kuhesabu mpaka kumi, Brigita alijua hilo. Maneno yake yalikuwa mazito, na watu wasiomzoea walimwomba arudie, naye alichukia kurudia. Moyo wake ulikuwa na tatizo. Kupanda kilima alipumzika mara mbili. Yote hayo Brigita aliyajua tangu zamani, ila hakuwahi kuyapanga kwenye mstari mmoja.

Walipokaa kwa chai, Kasaine alianza kumweleza mama yake. Alichanganya Kimaa na Kiswahili, akaingia kwenye nyuzi, akapotea, akatoka.

"Yeyo, chukua ng'ombe zako," alisema mwishowe. "Tuseme ziko mia na—"

"Nani amekutuma uhesabu ng'ombe zangu?" Soila aliuliza, chai imesimama.

"Sihesabu, Yeyo, nasema tuseme."

"Ukisema, umehesabu. Ng'ombe wanahesabiwa na mtu anayetaka wafe."

Brigita aliuma kanga asicheke. Miaka sita ya ndoa na hakujua kwamba somo lake lilikuwa haramu kwenye boma la mumewe. Kasaine alifuta jasho, akajaribu tena.

"Sawa. Hakuna namba. Kuna kundi, lote. Ndani yake yuko mmoja, yule mwenye pembe iliyopinda. Wanaingia jioni. Mwalimu amefumba macho, anagusa mmoja. Anaweza kumgusa mwenye pembe iliyopinda?"

Soila alifikiri. "Anaweza."

"Lakini?"

"Lakini atagusa mwingine." Akanywa chai. "Tuone."

"Tuone nini?"

"Aguse."

Hakuna aliyemwambia Soila kwamba ulikuwa mfano tu. Saa kumi, vumbi lilipoanza kushuka kilimani, Brigita alisimamishwa kando ya lango la miiba, shuka jekundu limefungwa machoni, Kasaine amemshika kiuno asisukumwe, na Witness amewekwa mbele kuwa mwamuzi. Alisikia kwato, kengele, pumzi, harufu ya maziwa na mavi. Ubavu mmoja ukapita, mwingine. Alijua ni mchezo, na bado alisita kama anayechukua karatasi ya mtihani.

"Sasa!" alipiga kelele Witness.

Brigita alinyoosha mkono, akakamata sikio. Sikio refu. Refu sana.

Witness akaanguka chini kwa kicheko. Alicheka akigaagaa mavumbini, akishika tumbo, na Soila naye, ambaye Brigita hakuwahi kumwona akicheka kwa sauti, alilazimika kushika mti wa lango. Brigita akavuta shuka. Mbele yake alisimama punda wa kubebea maji, aliyejichomeka kati ya ng'ombe, akimtazama kwa dharau.

"Punda hakuwemo kwenye ripoti!" alisema Kasaine.

Brigita alicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakutaka kuacha. Soila alimshika mkono, akampeleka kuketi.

"Huyu," Soila alisema kwa Kiswahili chake kifupi, akionyesha Witness kwa kidevu, "alikuja mdogo kama panya. Hanyonyi. Watu wanasema hafiki mvua. Mimi nakamua, natia maziwa kwa kidole. Siku nyingine nachoka, nataka kumtupa. Sitakudanganya, ni kazi. Sasa ananipigia kelele kwenye boma langu mwenyewe."

Wakarudi kabla lango la hifadhi halijafungwa. Nusu ya njia Kasaine alizima redio ya gari.

"Mimi nataka ile sindano," alisema ghafla. "Nataka kujua."

"Ukijua, utafanya nini?"

"Nitajua."

"Mimi siitaki. Nimengoja mimba hii miaka sita. Nataka picha ya wiki ya ishirini, tuone moyo, ili kama una tatizo tujue nizalie wapi. Hilo lina kazi. Lingine ni kujua kwa ajili ya kujua."

"Wewe ni mwalimu wa hesabu. Unawezaje kukaa na swali miezi sita bila jibu?"

"Sijui kama ninaweza," alisema Brigita. "Lakini ndilo ninalotaka."

Gari liliteremka kona tatu. Kisha Kasaine alipunguza mwendo, akasimama pembeni, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nilipokuwa nikileta wageni bomani," alisema, "nilikuwa namwambia Witness akae ndani. Kila mara. Nilisema ni kwa sababu watampiga picha. Si kweli. Niliona aibu. Anakaa ndani saa mbili, gizani, kwa sababu mimi naona aibu. Jana pale kwa Sista ndiyo nikakumbuka. Sasa nikisema nataka kujua, sijui ni nani ndani yangu anayetaka."

Brigita aliweka kiganja juu ya mkono wake, na malori mawili ya mbao yakawapita kabla hawajaondoka. Hawakuizungumzia tena sindano, si siku hiyo wala baadaye.

Kijijini ilibaki kazi ya kusafisha jina. Brigita alitaka kumaliza jambo kimya kimya, lakini Mama Evarista alikuwa na njia yake. Alhamisi, jumuiya ilipokutana, alisimama baada ya sala, akajikohoza.

"Mmesikia binti yangu ni positive. Ni kweli. Lakini yake ni ya kuchekecha, siyo ya kuthibitisha. Asiyejua tofauti aje kwangu nyumbani, mahindi yapo na chekeche lipo, nitamfundisha."

Watu tisa walikwenda. Mahindi yake ya mwezi mzima yalichekechwa bure. Mwalimu Inosenti aliomba radhi ofisini, akaongeza somo jipya kwenye michoro yake.

Wiki ya ishirini walikwenda Arusha. Daktari, kijana mpole, aliutazama moyo wa mtoto kwa muda mrefu, vyumba vinne, milango yote. Ulikuwa mzima. Akawaambia hilo ni jema, ila halifuti swali lote. Hali ya Down inaweza kuwepo hata moyo ukiwa mzima. Brigita akaitika. Alikuwa na siku zake mbaya, hasa zile ambazo mtoto alicheza kidogo, lakini alifundisha sehemu na desimali mpaka wiki ya thelathini na tano, na wanafunzi walimwona hana tofauti isipokuwa ubao ulikuwa unamkimbia kila siku kadiri tumbo lilivyokua.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya Machi, masika yameanza na barabara ya Rhotia imekuwa uji. Kasaine, aliyewahi kuwavusha wageni kwenye mito, alinasa mita mia tatu kutoka nyumbani kwake. Mama Evarista alishuka na kanga zake akasukuma gari pamoja na vijana wawili wa bodaboda, akiwapangia wimbo wa kusukumia. Saa nane mchana, Karatu, mtoto wa kike alizaliwa, kilo tatu na robo.

"Yukoje?" Brigita aliuliza.

"Ana hasira," alisema Sista Dorkasi. "Subiri nimfute."

Daktari wa watoto alimpima siku hiyo na siku ya pili: macho, viganja, shingo, moyo. Hakuona dalili yoyote ya hali ya Down. Brigita alilia kwa nafuu, akiwa peke yake, shuka limefunika uso. Kisha akafikiria wanawake wengine wenye karatasi kama yake, na yule mmoja kati yao ambaye naye labda alikuwa amelala mahali fulani na mtoto kifuani. Alitamani angejua jina lake. Angempa namba ya Soila.

Siku ya tatu Soila aliteremka kutoka Nainokanoka na mafuta ya kondoo kwenye kibuyu, na Witness nyuma yake amevaa miwani ya jua mipya kabisa, ndani ya nyumba. Witness alimsogeza Mama Evarista kitandani kwa nyonga, akakaa, akanyoosha mikono. Brigita akampa mtoto. Witness alimshika vizuri, kichwa kwenye kiwiko, kama mtu aliyelea ndama mia. Kasaine akapiga picha, akaiweka kwenye simu yake mahali ambapo wageni wote hupaona kwanza wakimwandikia, na chini akaandika kwa Kiingereza: dada yangu na binti yangu.

Mabibi wawili walikuwa wameshaanza ugomvi wa jina. Mama Evarista alitaka Elizabeti. Soila alitaka Naserian, mwenye amani. Waligombana kwa sauti ya juu, mmoja Kiiraqw na mwingine Kimaa, na mtoto mwenye amani akaamka akapiga yowe lililofika barabarani.

"Ananipigia kelele!" alisema Witness, amefurahi.

Brigita alijiegemeza kwenye mto, akaomba aletewe uji.